Nani aliamua hivi? Muswada wa Serikali za Mitaa mbele ya Kamati ya Bunge



Katika ziara zetu kwa vikundi vya vijijini kuna swali moja ambalo hujirudia kila mahali. Mkulima amesimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru akiwa na magunia yake. Akina mama wa kikundi wameambiwa kwamba mikopo ya halmashauri imesimama. Vijana wamejiandaa kwa uchaguzi wa kitongoji, na hawajui ni chombo gani kitakachousimamia. Wote huuliza: "Hivi nani aliamua hivi?"

Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba halmashauri imeamua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Halmashauri hufanya kazi ndani ya mipaka iliyowekwa na sheria, na sheria hutungwa na Bunge. Kabla Bunge halijapiga kura, kuna chumba kimoja ambamo muswada hukaguliwa kifungu kwa kifungu na wananchi huweza kusikilizwa. Chumba hicho ni cha Kamati ya Kudumu ya Bunge. Katika makala haya tunaeleza kazi inayofanyika humo, na namna kikundi, kijiji au jumuiya ya waumini inavyoweza kufikisha maoni yake kabla mlango haujafungwa.

SERIKALI YA KIJIJI HUSIMAMA JUU YA SHERIA

Tuanze na historia kidogo. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilizifuta halmashauri na kuweka mfumo uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Wananchi walijikuta hawana baraza la kuchagua. Mipango ilipangwa na watumishi wa mkoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria tatu ambazo hadi leo ndizo mhimili wa Serikali za Mitaa Tanzania Bara: Sheria Na. 7 ya Mamlaka za Wilaya, Sheria Na. 8 ya Mamlaka za Miji, na Sheria Na. 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yakaweka ibara ya 145 na ya 146, ambazo zinatamka kuwepo kwa Serikali za Mitaa na kusema kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Historia hiyo ina funzo. Katiba imesema Serikali za Mitaa ziwepo. Lakini ziwe na madaraka kiasi gani, zitoze ushuru kiasi gani, na viongozi wake wachaguliwe vipi, hayo yote yameachwa kwa sheria ya Bunge. Kilichoandikwa kwa sheria huweza kupunguzwa au kuongezwa kwa sheria. Vijiji vyetu vinazidi 12,000 na vitongoji vinazidi 60,000, na neno moja likibadilishwa Dodoma hufika katika kila kimoja.

Kwa wasomaji wetu wa Zanzibar, Serikali za Mitaa huko huongozwa na sheria zinazotungwa na Baraza la Wawakilishi. Hatua tutakazozieleza hapa ni za Bunge la Muungano na zinahusu Tanzania Bara.

NJIA YA MUSWADA

Muswada ni pendekezo la sheria. Kwa kawaida hupita hatua zifuatazo:

(a) Hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kanuni za Bunge zinataka tangazo hilo la kwanza litolewe angalau siku 21 kabla muswada haujaingizwa bungeni, isipokuwa unapoletwa kwa hati ya dharura.

(b) Husomwa Mara ya Kwanza. Hapa Katibu husoma jina la muswada tu. Hakuna mjadala wala kura.

(c) Spika huupeleka kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika. Kamati hupokea maelezo ya Waziri na kualika wadau watoe maoni.

(d) Husomwa Mara ya Pili. Waziri hutoa hoja, Kamati huwasilisha maoni yake, na wabunge hujadili.

(e) Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kimoja baada ya kingine.

(f) Husomwa Mara ya Tatu, kisha hupelekwa kwa Rais. Akiukubali na kutia saini, muswada huwa sheria.

Ukiziangalia hatua hizo utaona kwamba mwananchi asiye mbunge ana nafasi ya kusema katika hatua moja tu, ile ya (c). Kabla ya hapo muswada uko mikononi mwa Serikali. Baada ya hapo uko mikononi mwa wabunge. Ndiyo maana tunasema kikao cha Kamati ni mlango, na si mkutano wa kawaida wa kusikiliza hotuba.

SIKU YA KUSIKILIZWA

Vikao hivi hufanyika Dodoma, katika kumbi zilizomo ndani ya viwanja vya Bunge. Mwenyekiti wa Kamati huongoza. Wajumbe ni wabunge, na pembeni hukaa makatibu wa Kamati wanaoandika kila kinachosemwa. Upande wa Serikali huwa na maofisa wa wizara husika na waandishi wa sheria. Wadau huitwa kwa zamu, hujitambulisha, hueleza maoni yao kwa dakika chache, kisha wajumbe huuliza maswali.

Wengi wanaokwenda kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi kazi ilivyo ya kifungu kwa kifungu. Anayesimama na kusema, "Wananchi wanateseka, tunaomba mtuhurumie," husikilizwa kwa heshima, lakini Kamati haina cha kuandika. Anayesema, "Kifungu hiki kinasema hivi, kitaleta tatizo hili kijijini, tunapendekeza maneno haya yasomeke hivi," ameipa Kamati kitu cha kufanyia kazi. Kamati ikiridhika huishauri Serikali. Waziri naye akikubali, huleta Jedwali la Marekebisho. Hivyo neno lililotoka kijijini linaweza kuingia katika sheria ya nchi bila kelele yoyote.

Lipo jambo jingine la kutia moyo. Zamani miswada iliandikwa kwa Kiingereza, na kikwazo hicho kiliwaweka wengi nje ya mlango. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Leo mwenyekiti wa kikundi anayejua kusoma anaweza kushika muswada mkononi na kujua unasema nini, ingawa lugha ya kisheria bado inahitaji uvumilivu.

MIFANO MITATU ILIYOGUSA VIJIJI

Mfano wa kwanza: ushuru wa mazao. Mwaka 2017, pamoja na bajeti ya mwaka 2017/18, ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mazao ya chakula yenye thamani ya shilingi 1,000,000, ushuru ulishuka kutoka shilingi 50,000 hadi shilingi 20,000. Hata pale anayelipa ni mnunuzi, mkulima huuhisi katika bei anayopewa. Lakini jambo hili lina upande wa pili. Halmashauri zinazotegemea mazao zilipoteza sehemu ya mapato yao, na mapato hayo ndiyo yanayosaidia kumalizia zahanati na madarasa. Anayekwenda mbele ya Kamati kuzungumzia ushuru inampasa awe amewaza pande zote mbili, maana mkulima anayelipa ushuru na mzazi anayesubiri zahanati huenda ni mtu yuleyule.

Mfano wa pili: mikopo ya asilimia 10. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa kutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake na vijana. Lilikuwa agizo, na baadhi zilitekeleza na nyingine hazikutekeleza. Mwaka 2018 kifungu cha 37A kiliongezwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na kutenga asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba kukawa wajibu wa kisheria. Mgawanyo uliotumika ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wa kuomba na kurejesha uliwekwa katika kanuni za mwaka 2019. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, baada ya kasoro nyingi katika urejeshaji kubainika, na ikarejeshwa mwaka 2024.

Hapa tunaomba wasomaji wetu waangalie jambo moja. Mabadiliko ya mwaka 2018 hayakuletwa na muswada wenye jina la Serikali za Mitaa. Yalikuja ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaofuata bajeti ya kila mwaka. Muswada huo husikilizwa na Kamati ya Bajeti mwezi Juni, na muda wake ni mfupi, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kikundi kinachosubiri kusikia tangazo la "muswada wa Serikali za Mitaa" kinaweza kulala wakati jambo lake linaamuliwa chini ya jina jingine. Vivyo hivyo ipo miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo sheria nyingi hurekebishwa kwa pamoja. Huko nako vifungu vya vijiji na halmashauri huweza kujificha.

Mfano wa tatu: uchaguzi. Mwezi Novemba 2023 miswada mitatu kuhusu uchaguzi na vyama vya siasa ilisomwa Mara ya Kwanza. Mwezi Januari 2024 Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria ilikaa Dodoma kwa siku kadhaa kusikiliza vyama vya siasa, asasi za kiraia na wadau wengine. Mmoja wa miswada hiyo uliunganisha uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani katika sheria moja, kwa hiyo ulizigusa halmashauri moja kwa moja. Hoja moja iliyotolewa na wadau wengi ilihusu ngazi ya chini kabisa: uchaguzi wa viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji usimamiwe na Tume badala ya ofisi ya Serikali inayoshughulikia Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI.

Miswada ilipitishwa mwezi Februari 2024. Sheria ya Tume ikataja uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji miongoni mwa majukumu ya Tume, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine itakayotungwa na Bunge. Uchaguzi wenyewe ulipofanyika tarehe 27 Novemba 2024, uliendelea kusimamiwa na TAMISEMI.

Mfano huu hatuutoi ili kushabikia upande wowote. Tunautoa kwa sababu unaonyesha maneno ya kuangaliwa sana katika muswada wowote: "kwa utaratibu utakaowekwa" na "Waziri anaweza kutunga kanuni". Maneno hayo yana kazi yake halali, kwa kuwa sheria haiwezi kueleza kila kitu. Lakini yanamaanisha pia kwamba uamuzi wenyewe umeahirishwa kwenda mahali pengine, na huko huenda hakutakuwa na kikao cha wazi. Mdau makini huuliza mbele ya Kamati: Utaratibu huo utawekwa lini? Na nani? Je, wananchi watasikilizwa tena?

TUSIDANGANYANE

Haitakuwa haki tukieleza uzuri wa mlango huu bila kueleza wembamba wake.

Kwanza, muda. Hata siku 21 ni chache kwa muswada kufika kijijini, kusomwa, kujadiliwa na kurudishiwa maoni. Muswada ukija kwa hati ya dharura, hata siku hizo hazipo. Mwezi Juni 2019 Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali uliogusa sheria za asasi zisizo za kiserikali, vyama vya kijamii na wadhamini uliletwa kwa hati ya dharura na ukapitishwa mwezi huohuo. Mashirika mengi, yakiwemo ya dini, yaliguswa na muswada huo.

Pili, umbali. Nauli ya kutoka Kigoma au Mtwara hadi Dodoma, pamoja na malazi, inatosha kumzuia mtu mwenye maoni mazuri kuliko yetu sote. Matokeo yake, wanaosikilizwa mara nyingi ni mashirika ya mijini. Sisi wenyewe hatujiondoi katika lawama hii. Tukizungumza kwa niaba ya wanakijiji bila kuwauliza, tumewafungia mlango uleule tunaodai tunawafungulia.

Tatu, Kamati hushauri tu. Haifungwi na maoni ya wadau, na Bunge halifungwi na maoni ya Kamati. Unaweza kuandaa hoja nzuri, ukasikilizwa vizuri, na kifungu kikabaki kilivyokuwa. Hata hivyo maoni yaliyoandikwa hubaki katika kumbukumbu. Mbunge anaweza kuyatumia katika mjadala, na sheria itakaporekebishwa tena, mazungumzo hayataanza upya.

TUFANYE NINI?

Kutokana na hayo, tunapendekeza hatua zifuatazo kwa vikundi, jumuiya na kamati za maendeleo:

1. Tuwe na mtu wa kufuatilia. Kila kikundi kichague mtu mmoja au wawili wa kufuatilia ratiba ya Bunge kupitia redio, magazeti na tovuti ya Bunge, ambako miswada huwekwa. Wafuatilie zaidi kabla ya kila mkutano wa Bunge, na mwezi Juni wasiache kuangalia Muswada wa Sheria ya Fedha.

2. Tuanze kusoma mwishoni. Mwishoni mwa muswada kuna sehemu iitwayo Madhumuni na Sababu. Hapo Serikali inaeleza kwa maneno mafupi kila sehemu inakusudia nini. Ukishaisoma utajua ni vifungu vipi vya kurudi kuvisoma kwa makini.

3. Tutumie mikutano tuliyonayo. Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Jumuiya za waumini hukutana kila wiki. Hatuna haja ya kuitisha semina. Nusu saa ya kusoma kifungu kimoja kwa sauti na kuuliza, "Hiki kitatufanya nini?" inatosha kuanza.

4. Tuandike maoni kwa jedwali. Safu ya kwanza iwe namba ya kifungu. Ya pili, kinasema nini. Ya tatu, tatizo lake. Ya nne, maneno tunayopendekeza. Ya tano, sababu. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Tueleze sisi ni nani, tuko wangapi na tulijadili lini.

5. Tupeleke kwa njia zaidi ya moja. Maoni yatumwe kwa Katibu wa Bunge, na nakala apewe mbunge wa jimbo na wa viti maalumu, hata kama si wajumbe wa Kamati hiyo. Kama vikundi kadhaa vina hoja moja, vichange nauli na kumtuma mtu mmoja aliyejiandaa vizuri. Ni afadhali mmoja anayejua kifungu chake kuliko kumi wanaokwenda kujaza viti.

6. Mwakilishi arudi kutoa taarifa. Awaeleze waliomtuma alichosema, alichoulizwa na kilichokubaliwa au kukataliwa. Bila hatua hii, mara nyingine hatapata wa kumtuma.

MAZOEZI HUANZIA NYUMBANI

Mwisho, tusione kwamba jambo hili ni la Dodoma peke yake. Halmashauri ya Kijiji inapotaka kutunga sheria ndogo, mapendekezo yake hupelekwa kwanza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha kwenye halmashauri ya wilaya ili yaidhinishwe. Halmashauri ya wilaya nayo inapotaka kutunga sheria ndogo hutakiwa kuwatangazia wananchi kusudio lake na kupokea maoni yao. Hiyo ni milango ileile, ila iko karibu na haina nauli.

Tumeona vijiji ambavyo sheria ndogo ya mifugo au ya vyanzo vya maji ilipitishwa na watu wachache waliokuwepo mwishoni mwa mkutano, jua likizama na wengi wameshaondoka. Waliokuwa hawapo ndio waliotozwa faini baadaye, na ndio waliokuja kutuuliza, "Nani aliamua hivi?" Jibu la kweli lilikuwa gumu kulisema: liliamuliwa pale pale kijijini, na wao walikuwa na haki ya kuwepo.

Mtu aliyezoea kusimama katika mkutano wa kijiji, akashika karatasi ya sheria ndogo na kusema, "Ndugu mwenyekiti, kifungu cha nne kibadilike, na sababu ni hii," hatatetemeka sana siku atakapoitwa mbele ya Kamati ya Bunge. Asiyewahi kufanya hivyo nyumbani hataweza kuanza akiwa Dodoma.

Tunawaomba wasomaji wetu wajadili makala haya katika vikundi vyao kabla ya Mkutano Mkuu ujao wa Kijiji, na wachague sheria ndogo moja ya kuanzia. Tuandikieni mlichokiona, mkieleza pia pale mliposhindwa, ili wengine wajifunze kupitia kurasa hizi. Tukutane katika toleo lijalo.